Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Dar es Salaam: mtaro mmoja, ofisi nne

Kwa: Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Dodoma;
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam;
Waheshimiwa Mameya na Ndugu Wakurugenzi wa Jiji (Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

Kumb. Na.: sina, mimi si ofisi.

YAH: KUOMBA DAR ES SALAAM IPEWE MWENYEWE

Waheshimiwa,

Nimefundisha uraia katika shule za msingi za mji huu kwa miaka ishirini na tisa. Kuna swali nililokuwa nikilitunga karibu kila muhula, kwa sababu ni swali la kumwokoa hata mtoto mvivu: taja kazi tatu za halmashauri ya jiji. Majibu niliyoyataka ni kuzoa taka, kutengeneza barabara za mitaa na kukusanya kodi ya majengo. Mtoto akiandika hayo, anapata vema tatu na mwalimu anasonga mbele.

Hivi karibuni mjukuu wangu alinijia na daftari lake na swali la namna ile ile. Nikamjibu kwa mazoea, kisha nikajishika mdomo. Kodi ya majengo ilitoka halmashauri ikaenda TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, mwaka 2016. Barabara za mitaa zikachukuliwa na TARURA, wakala wa serikali kuu wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017. Mwalimu mzima, nimestaafu kwa heshima zote, nimepata moja kati ya tatu. Na hiyo moja yenyewe ina maneno, kama nitakavyoeleza.

Naishi ukingoni mwa bonde la Mto Msimbazi, mahali ambapo mpaka wa wilaya umefuata mkondo. Sisi tuko ng'ambo hii. Jirani zetu, ambao redio zao tunazisikia vizuri kuliko zetu, wako ng'ambo ile: wilaya nyingine, halmashauri nyingine, meya mwingine. Kuna mtaro unaoshuka kutoka barabarani, unapita kando ya nyumba zetu na kumwaga mtoni. Masika moja kalavati lake liliziba. Maji yakarudi nyuma, yakaingia ndani, yakapanda hadi usawa wa soketi katika chumba wanacholala watoto.

Nikaandika barua. Ofisi ya kwanza ikanieleza kwa adabu kwamba taka zilizomo mtaroni ni jukumu lake, ila mtaro wenyewe si wake. Ofisi ya pili ikasema mtaro ni wake, lakini taka haizigusi, na kwa vyovyote fungu la matengenezo la mwaka ule lilikwisha kupangwa. Ndani ya kalavati palikuwa na bomba la maji lililokatiza, na hilo ndilo lililokamata magodoro na mifuko. Ofisi ya tatu ikakiri kwamba bomba ni lake, ila haliwezi kuhamishwa bila barua ya ofisi ya pili. Ofisi ya nne ikakunjua ramani, ikaweka kidole, ikanionyesha kwamba mdomo wa mtaro umeangukia wilaya ya upande wa pili.

Sizitaji, na si kwa woga. Hakuna hata mmoja aliyenidanganya. Karani wa ofisi ya tatu alinipa hata kiti na maji ya kunywa. Kila mmoja alisema kweli yake, na kweli zao nne ndizo zilizoniacha na maji chumbani. Tukachanga elfu tano tano, tukatafuta vijana wenye makoleo, siku ya pili jioni maji yakapita. Mwenyekiti wetu wa mtaa alishika koleo naye. Huyo hana mshahara, ana muhuri na posho ya kubahatisha, lakini ndiye kiongozi pekee wa serikali niliyemwona ndani ya mtaro ule.

Sasa niruhusuni nirudi darasani kidogo, maana nilifundisha na historia pia, na historia ya utawala wa mji huu ina tabia inayojirudia.

Mji ulianzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Wajerumani wakahamishia hapa makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wakaanza kuugawa kwa sheria za ujenzi. Waingereza wakaurithi mgao huo na kuukaza: Uzunguni penye bustani, Uhindini penye maduka, Uswahilini tulikobaki wengine, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ili watu wasichanganyike. Mamlaka ya mji ikaundwa mwaka 1920, manispaa mwaka 1949, na Desemba 1961, nchi ikipata uhuru, Dar es Salaam ikapewa hadhi ya jiji. Mnara wa Saa ulioko mtaa wa Samora ulijengwa kuadhimisha heshima hiyo. Meya wa kwanza Mwafrika alikuwa mshairi, Sheikh Kaluta Amri Abedi. Vijana wanalijua jina lake kwa uwanja wa mpira wa Arusha. Kwamba aliwahi kuvaa joho la umeya wa Dar es Salaam, wanafunzi wangu walikuwa wakidhani nawatania.

Jiji lile lilidumu karibu miaka 13. Mwaka 1972 serikali ilileta Madaraka Mikoani, mpango uliopikwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Halmashauri zikafutwa, na mwaka 1974 Jiji la Dar es Salaam nalo likavunjwa, mji ukagawanywa katika wilaya tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Jina la mpango lilikuwa tamu. Ila madaraka yaliyokwenda mikoani yalikwenda yamebebwa na maofisa walioteuliwa, na diwani aliyechaguliwa na watu akapewa likizo isiyo na mwisho. Huduma za miji zikaporomoka, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kikatukumbusha kwamba choo na mtaro havisubiri maelekezo. Mwaka 1978 ikabidi itungwe sheria ya mpito kuzirudisha halmashauri za miji, kisha mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria za serikali za mitaa ambazo, kwa viraka vingi, ndizo tunazoziishi hadi leo. Mwalimu Nyerere, alipohojiwa akikaribia kung'atuka, alikiri kwamba kama angeanza upya, kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyarudia. Nililiheshimu sana neno hilo, maana si kawaida ya wakubwa wetu kujisahihisha hadharani.

Mara ya pili Jiji kuvunjwa ilikuwa mwaka 1996. Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliivunja Halmashauri ya Jiji na ikaundwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Nisiwe mnafiki: wengi tulishangilia, na mimi nikiwamo. Mashimo ya barabarani yalikuwa yanameza tairi na taka zililala hadi zikaota majani. Tume ilichapa kazi. Uzoaji wa taka ukatawanywa kwa makandarasi na vikundi vya kata kwa kata, na ndipo tulipoizoea ada ya taka ya kugongewa mlango. Lakini kwa karibu miaka minne mji mkubwa kuliko yote nchini uliongozwa na watu ambao hakuna mkazi aliyewapigia kura, nasi tuliona sawa kwa sababu barabara zilizibwa. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Ukimwonjesha mtu mtaro safi, anaweza kukuachia kura yake bila kudai risiti.

Mwaka 2000 zikaja manispaa tatu, na juu yake Halmashauri ya Jiji ya kuratibu. Hapa ndipo penye somo ambalo naona tumelisoma kinyume. Jiji lile lilipewa jina na joho, likanyimwa ardhi. Kata zote zilikuwa za manispaa, kwa hiyo na wananchi wote walikuwa wa manispaa. Lenyewe liliambulia mambo kama stendi ya mabasi ya Ubungo, maegesho na dampo la Pugu Kinyamwezi. Chombo cha kuratibu kisicho na meno ya kumlazimisha unayemratibu hugeuka kuwa kikao. Manispaa zikaongezeka zikawa tano, Ubungo na Kigamboni zilipozaliwa, na Jiji likawa mgeni katika nyumba tano. Tarehe 24 Februari 2021, siku ile ile aliyozindua stendi ya Mbezi Luis na barabara za juu za Ubungo, Rais Magufuli alilivunja, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam.

Sikulia. Chombo kile kilikuwa kimechoka, na hoja kwamba kilikula posho bila kuwa na wananchi wake ilikuwa na uzito. Ila mgonjwa aliyenyimwa chakula miaka ishirini akidhoofu, daktari haandiki kwamba maradhi yake yalikuwa uvivu.

Na tazameni tulichobaki nacho. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Wa Ilala ni 1,649,912. Kwa hiyo watu 3,733,816, zaidi ya theluthi mbili yetu, tunasema tunaishi jijini kwa mdomo tu. Mkulima wa mchicha wa Chanika ni mtu wa jiji. Mpangaji wa Magomeni, ambaye akivuka daraja la Jangwani kwa miguu anaingia Kariakoo, si mtu wa jiji. Mbagala si jiji. Manzese, Sinza, Kawe si jiji. Mgeni anayeuliza meya wa Dar es Salaam ni nani anapewa jina la meya ambaye mamlaka yake yanaishia katikati ya mto wangu.

Mvua haijui mpaka huo. Maji yanayotufurika yanaanzia Pugu na Kisarawe, yanapita wilaya hii na ile, yanakusanya taka za kila halmashauri na kuzimwaga Jangwani. Desemba 2011 yaliua watu, waliosalimika wakahamishiwa Mabwepande, na bado hatujapata mtu mmoja ambaye bonde lote ni jukumu lake tangu kilimani hadi Daraja la Salenda. Kuna wizara, kuna mradi, kuna kamati. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na chetu kinakwenda mrama kikiwa kimejaa maji.

Wakazi wa Tabata wa zamani walikuwa na bahati moja ambayo sisi hatuna. Mwaka 1988 walichoshwa na moshi na harufu ya dampo lililokuwa Tabata, wakaipeleka Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu. Walishinda. Halmashauri ikaomba muda, ikapewa, ikaomba tena, hadi mahakama ikachoka. Dampo likahama, ingawa kusema kweli lilihamia kuwaudhi wengine Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi. Ninachowaonea wivu watu wale ni jambo dogo: walijua nani wa kumshtaki. Hati yao ilikuwa na mlalamikiwa mmoja mwenye anwani. Mimi nikitaka kwenda mahakamani kwa ajili ya mtaro wangu, mwanasheria ataandika walalamikiwa wanne, na kila mmoja atakuja na ushahidi wa kweli kwamba si yeye.

Nilisema ile kazi moja iliyobaki, ya taka, nayo ina maneno. Ada ya taka tunaidaiwa mlangoni, mwenye mkokoteni anataka chake, gari linakuja siku likipenda, na taka zinapokwenda ni ndani ya Ilala hata zikiwa zimezaliwa kwingine. Watu wa Pugu hawana diwani kwenye baraza la manispaa inayowaletea taka. Waende kulalamika wapi?

Kuhusu fedha nitasema zaidi kidogo, maana hapa ndipo uraia unapokatika. Zamani mwenye nyumba alipokea hati ya madai kutoka halmashauri. Aliichukia, alichelewa kuilipa, alitishiwa, lakini alijua fedha yake imekwenda wapi, na siku diwani akija kuomba kura alikuwa na swali la kumtwanga. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ukinunua umeme, imekwenda. Nakubali ni rahisi kukusanya, hata wajanja wa zamani hawachomoki. Lakini mpangaji wa chumba kimoja anamlipia mwenye nyumba bila kutaka, na mwenye nyumba hajui kwamba amelipa. Kodi ile iliyokuwa kamba kati ya nyumba yangu na taa ya mtaa wangu imekuwa makato kama makato mengine. Hakuna anayeiulizia.

Watu wa utawala wataniambia uwakilishi upo. Upo kweli. Mimi namchagua diwani, madiwani wanamchagua meya miongoni mwao. Pembeni ya meya anakaa mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa baraza na afisa masuuli, mwenye sahihi ya fedha, na huyo ameteuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa, vilevile. Meneja wa barabara za mitaa hakuajiriwa na baraza, na baraza halina nguvu ya kumwondoa. Diwani wetu nilipomwendea na habari ya mtaro aliniambia kwa masikitiko, "Mwalimu, hata mimi naandika barua kama wewe." Ibara ya 146 ya Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Diwani anayeandika barua kama mimi amepelekewa nini?

Sijaja na ndoto za kuiga majirani. Nairobi nao waliwekewa tume tangu 1983 hadi 1992, na baada ya kupata gavana wa kuchaguliwa mwaka 2013, mwaka 2020 baadhi ya kazi zake nyeti zikahamishiwa kwenye chombo kingine kilichoongozwa na mwanajeshi, hadi 2022. Kampala wana meya wa kuchaguliwa na mkurugenzi wa kuteuliwa, na wametufundisha jinsi viti viwili vinavyoweza kugombania chumba kimoja. Kila mmoja ana maradhi yake. Lakini katika miji yote miwili, mkazi anajua mji wake unaishia wapi.

Ninachoomba ni hiki. Mheshimiwa Waziri, leta bungeni sheria ya Dar es Salaam nzima. Halmashauri tano zibaki na shule, zahanati, masoko na vibali vya ujenzi vya mitaani kwake, kazi ambazo zinataka mtu wa karibu. Mambo manne yasiyojua mipaka yakabidhiwe chombo kimoja cha mji: mitaro na mabonde, madampo, mpango wa matumizi ya ardhi na usafiri wa abiria. Kiwe na kodi yake, na napendekeza iwe ile ya majengo irudi nyumbani. Kiongozi wake achaguliwe na sisi wote moja kwa moja, wa Chanika na wa Bunju, wa Kibada na wa Kimara, ili siku mtaro ukiziba tujue mlango wa kugonga, na miaka mitano ikiisha tujue wa kumnyima kura. Mkilirudisha lile Jiji la mwaka 2000, lisilo na ardhi wala meno, mtakuwa mmetupa mradi wa kuvunjwa mara ya nne. Limevunjwa 1974, 1996 na 2021. Anayependa hesabu anaweza kukadiria tarehe inayofuata.

Najua sheria huchukua muda. Yapo yasiyohitaji Bunge. Kila ofisi ya mtaa ina ubao wa matangazo, wetu una tangazo la chanjo lililopauka na picha ya mtu aliyepotea. Wabandikieni watu pale, kila robo mwaka, kiasi cha kodi ya majengo kilichokatwa kwenye LUKU katika mtaa ule na kiasi kilichorudi. Bandikeni tarehe za vikao vya baraza la madiwani, ambavyo ni vya wazi lakini mwananchi huvisikia vikiwa vimekwisha. Meneja wa barabara awe anasimama mbele ya baraza hilo na kuulizwa, kisha kujibu kwa maandishi. Na Mkuu wa Mkoa, kwa hisani yako, zikutanishe zile ofisi nne siku moja, mahali pamoja, kabla ya vuli. Wasikutane ukumbini. Waje kwenye kalavati, nitawaandalia viti, nina vya kukodisha kwa jirani wa ng'ambo ya pili.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu mstaafu,
mkazi wa mtaa wa mpakani, Bonde la Msimbazi.

Nakala:
Mwenyekiti wa mtaa, kwa taarifa, pamoja na shukrani za koleo.
Mheshimiwa Diwani, aongeze kwenye zile barua zake.
Ofisi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne: mnajijua.